Wewe Miguu, Mimi Bunduki

Sadiki,

Sikuulizi hali, maana nimekasirika. Wenzako waliokufa wana makaburi; mtu anakwenda, anang'oa majani, anasema lake, anarudi nyumbani. Wewe umezikwa ng'ambo ya ziwa, hatujui hata upande gani, kwa hiyo inabidi nikugombeze kwa karatasi.

Nianze na kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyotukutanisha. Bado iko palepale Katubuka, kwenye chumba cha Bi Edina anapofundisha kupiga chapa. Ile gemu aliyoiacha mume wake alipohamishwa kikazi bado imo. Unakumbuka tulivyoigundua? Bi Edina alikuwa sokoni, wewe ukagusa sijui nini, mara kioo kikawa giza, ikatokea mikono imeshika bunduki na korido refu mbele yake. Mwenye mikono haonekani. Ni kama wewe mwenyewe ndiye umo mle ndani, na nyuma ya kuta kuna vitu vinakoroma. Niliruka kwenye kiti, ukanicheka wiki nzima.

Kibodi ilikuwa moja, tukagawana. Wewe ulishika mishale ya kwendea, mimi kitufe cha kupigia risasi na kile cha kufungulia milango. "Weye bunduki, miye miguu," ulisema. Nilidhani umenipa heshima. Siku moja nikakuomba tubadilishane, kidole kimechoka. Ukakataa kabisa. "Miye silaha sikamati, Zaituni. Hata ya kwenye kioo. Zile nilizoziona kwetu zinatosha." Nikarudisha kidole kwenye kitufe. Nilijua mlivuka ziwa wewe na mama yako, na kwamba baba yako hakuvuka.

Na kweli ulikuwa miguu. Kile kisura cha mtu pale chini ya kioo, kinachovuja damu kila ukipigwa, kwa wanafunzi wengine kilikuwa chekundu chote kabla hawajapata hata ufunguo wa buluu. Sisi tulifika mpaka mlango mwekundu. Ulijua ukuta gani ukisukumwa unafunguka. Halafu ile mbinu yako kwenye ukumbi wa mazimwi wawili! "Usipige," ulininong'oneza, "ngoja." Ukakimbia katikati yao. Wa kulia akarusha moto, ukatukosa, ukampata wa kushoto. Wakasahau kama tupo, wakaanza kumalizana wao kwa wao. "Umeona? Hawa tuwaachie vita yao. Siye tupite." Tukapita bila kupoteza hata risasi moja. Nilikupenda siku ile. Nakwambia sasa kwa kuwa huwezi tena kunicheka.

Haya, niambie. Mtu huyo huyo alikuja mlangoni kwa shangazi ninakokaa akaniambia anakwenda Ilagala kumnunulia mama yake samaki, migebuka, Jumapili atarudi tuumalize mlango mwekundu. Nikakuamini. Nikakuonya uangalie wasikuuzie waliooza. Ukacheka. Uliweza kucheka, Sadiki!

Jumapili ikapita, na nyingine. Mama yako akaja kutoka Ujiji kwa miguu, mchangamfu kabisa. Nikamwamkia. Akaniuliza, "Mama yako kule Simbo alipata dagaa wangu? Ao Sadiki amewala njiani?"

"Dagaa gani, mama?"

Nikaona uso wake unabadilika. Kumbe yeye ulimwambia unakwenda Simbo kwetu, kumsaidia mama yangu kuvuna mhogo, na kwamba mimi ndiye niliyekuomba. Naye hawezi kumwacha mwanawe aende kwa watu mikono mitupu. Akakufungia dagaa wazuri kwenye khanga yake mpya, ukawapokea, ukavuka nao ziwa kwenda kwa wenye bunduki.

Kuna majina mangapi mji huu? Ukachukua langu.

Habari zako alizileta mjomba wako, alikuja na boti. Alisema ulipewa bunduki mara tu ulipofika, na kundi lenu likakutana na kundi la upande wa pili huko mlimani. Hakutaka kuendelea. Sijui walikuambia nini mpaka ukaishika. Labda walikutajia baba yako. Labda ulichoka kuogopa kukamatwa na kurudishwa kambi ya wakimbizi kila ukitoka kwenda dukani. Pengine ningekuelewa, pengine ningekupiga kofi, lakini ungeniambia. Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yako. Umenipiga changa la macho mimi, niliyekuwa bunduki yako ili wewe usiishike. Na ukaenda kuwa zimwi wa kulia, au wa kushoto, wala sijui.

Msibani nilikaa nyuma. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachambua mchele akasema kwa sauti ya kusikika, "Si huyu ndiye aliyempa njia ya kutoroka?" Mama yako hakumkatalia. Ninaumia nikikumbuka, na sina hasira naye. Hasira yangu ni kwako.

Baadaye nikaiwasha ile kompyuta nikacheza peke yangu, mkono mmoja miguu, mwingine bunduki. Sikufika mbali. Mazimwi walipotokea nilisimama mlangoni nikabonyeza na kubonyeza mpaka risasi zikaisha, na kile kisura kikajaa damu. Bi Edina akaniuliza kama nalia. Nikamwambia kioo kinaumiza macho.

Jana nilikwenda Simbo. Mhogo ulikuwa bado shambani, uleule uliosema unakwenda kuvuna. Tumeng'oa mimi na mama, mikono imenitoka malengelenge ambayo yangekuwa yako. Leo asubuhi nimejitwika kikapu mpaka Ujiji. Mama yako alikuwa mlangoni. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Shikamoo mama. Mhogo wa Simbo huu. Sadiki alisema atavuna, nimevuna mimi. Sikujua, mama. Hakuniambia."

Hakukipokea kikapu. Nikaanza kuinuka, nikidhani ndiyo basi. Akanishika mkono, akaona malengelenge. "Alitudanganya wote wawili," akasema. Akalia, nami nikalia. Halafu akajifuta, akakichukua kikapu. "Ngoja. Miye sirudishi kikapu cha watu kitupu."

Dagaa alionijazia wapo hapa mezani ninapoandika, chumba kizima kinanukia.

Sijakusamehe, usinisukume. Lakini kila mhogo ukikomaa nitampelekea mama yako, kwa kuwa ulimwahidi kwa jina langu, na jina langu nalitaka safi. Na ule mlango mwekundu sitaufungua na mtu mwingine.

Kwaheri, miguu yangu. Kesho nakwenda Simbo mwenyewe. Safari hii dagaa watafika.

Zaituni