Mstari wa Wairimu

Brooklyn Park, 9 Januari 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kupaka uliipata? Mimi ni mzima wa mwili.

Mjomba Nahashon si mzima. Figo zimechoka, na amewaambia madaktari hataki mashine. Nilishinda naye Jumapili. Washirika wake walikuja wote kumi na tisa, wakaimba kwa sauti ya chini wasije wakafukuzwa wodini. Bado wanakutana katika chumba cha sherehe cha jengo analopanga. Kuna wiki amewahubiria chini ya baluni zilizobaki za bethdei ya mtoto wa watu. Huwaambia, "Hata Yesu hakuwa na ofisi," kisha hunitazama mimi.

Ananitania kwa sababu mimi ni karani katika Kanisa Kuu, tawi la kanisa lile lile lililomvua uchungaji huko nyumbani. Unajua sikuwa na njia nyingine. Kibali changu cha kukaa nchi hii kimeandikwa kwa jina la kanisa. Kazi ikiisha, nami nimekwisha.

Tulipobaki wawili alisema: "Karani, wasifu wangu utauandika wewe. Mengine yapange upendavyo, lakini andika mstari wa Wairimu. Na wasinivike joho."

Nikasema ndiyo. Mama, nilisema upesi mno.

Mwanao,
Maureen

Molo, 13 Januari 2024

Maureen mwanangu,

Salamu zako nimezisoma na goti limezipokea. Mvua imegoma, viazi ni vidogo kama kokoto, lakini tunakula.

Huo mstari unaujua vizuri, au uliusikia vipande vipande? Hukuwa umezaliwa. Dada yetu Wairimu alikuwa mke wa pili, kwa hiyo kanisa lilimnyima meza ya Bwana. Alipokufa mwaka 1997, wazee wa kanisa walisema hatazikwa na mchungaji, hata kengele wakaifunga kamba isilie. Na mchungaji wa kijiji alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Nahashon alilivua joho, akalikunja polepole kama mtu anayekunja shuka ya mgonjwa, akaliacha kwenye ngazi ya kanisa. Akamzika dada yake akiwa na shati tu. Wachimba kaburi walikuwa wametoroka. Walichimba yeye na Jeptoo, huyu jirani yangu, naye Jeptoo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Wiki iliyofuata wakamvua uchungaji. Akahubiri miaka kumi na mmoja katika ghala la viazi, mpaka watoto wa washirika wake walipomwita huko kwenu.

Hayo ndiyo maisha yake. Mengine ni tarehe.

Mama yako

Brooklyn Park, 2 Februari 2024

Mama mpendwa,

Sijui nikusalimu vipi safari hii. Pole, mama. Nawe uniambie pole.

Tangu Mjomba atutoke Jumatatu sijalala vizuri. Chumba cha sherehe hakitatosha watu wa mazishi, na Kanisa Kuu limejitolea ukumbi na maua. Mwangalizi wetu, Mchungaji Kithinji, ataongoza ibada mwenyewe. Nilidhani ni msamaha. Jana akaniita ofisini. Rasimu yangu ilikuwa mezani, na mstari wa Wairimu ulikuwa umepigwa kalamu.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ni hapa tu. Tutasema, 'Alihudumu kijijini kwa uaminifu, kisha akaitwa Marekani.'"

"Aliuomba huo mstari mwenyewe, Mchungaji."

"Marehemu huomba mengi. Watakaokaa kwenye viti ni walio hai." Akanimiminia chai. "Kibali chako kinakwisha Aprili, sivyo? Ile barua naitia sahihi mimi. Sukari ngapi?"

Nilisema vijiko viwili. Mama, mimi situmii sukari.

Bado sijampa jibu. Nishauri.

Mwanao,
Maureen

Molo, 3 Februari 2024

Maureen,

Pole. Nimelia, nimemaliza.

Nikushauri nini? Nahashon alikuwa na mke mgonjwa ndani ya nyumba ya kanisa siku alipolikunja lile joho. Walitolewa nje na kitanda chao.

Jumamosi ijayo mkiwa kwenye ibada, sisi tutakusanyika kwenye kaburi la Wairimu. Nitumie karatasi hiyo hiyo niisome. Jeptoo atakuwepo.

Mama yako

Brooklyn Park, 12 Februari 2024

Mama mpendwa,

Natumaini goti lilikubali kusimama Jumamosi. Karatasi niliituma Ijumaa. Naona uliifungua.

Nilifanya nilivyoambiwa ofisini. Nilijiambia ni mstari mmoja katika kurasa nne. Joho pia walimvika, jeusi, na kola yake. Alionekana mtu mwingine, mtu mtiifu. Mwangalizi alisema, "Ndugu yetu hakuwahi kutuacha," na watu wakaitikia amina.

Wale kumi na tisa walikaa nyuma kabisa. Mutesi, yule mama wa Kinyarwanda anayewaongozea nyimbo, aliisoma karatasi mpaka mwisho, akaiweka kitini, akaikalia. Tulipotoka alinivuta kando, akanifunga vifungo vya koti kimoja kimoja kama mtoto.

"Jifunike, karani," akasema. "Nje ni baridi, na ndani huna kitu."

Hajazikwa bado. Ardhi ya huku imeganda, kwa hiyo wenye makaburi wamemhifadhi mpaka Aprili.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao,
Maureen

Brooklyn Park, 3 Machi 2024

Mama,

Goti je? Na viazi? Wiki ya tatu sasa. Nikipiga, simu inaita mpaka inakatika. Niambie tu kwamba u mzima.

Mwanao,
Maureen

Brooklyn Park, 26 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute na afya. Kibali kimetoka, miaka mitatu mingine. Nilidhani nitafurahi.

Jumanne tulimzika Mjomba. Kanisa Kuu walikuwa na semina, hakuja mtu. Washirika wake wengi walikuwa kazini. Tulikuwa mimi na Mutesi, na wafanyakazi wawili waliokaa ndani ya trekta wakisubiri tumalize. Nilikuwa na ile rasimu ya kwanza mkobani. Nikaitoa, nikausoma mstari kwa sauti: "Mwaka 1997 alilivua joho ili amzike dada yake Wairimu, ambaye kanisa lilikataa kumzika, na hakulivaa tena."

"Hakulivaa tena," Mutesi akarudia, akilitazama jeneza.

Trekta likawashwa.

Mama, nisamehe.

Mwanao,
Maureen

Molo, 5 Mei 2024

Maureen,

Sisi ni wazima. Mvua imenyesha.

Nimechelewa kwa sababu sikujua nikuandikie nini. Ile Jumamosi nilisimama kaburini na karatasi yako mkononi. Nilipofika kwenye "alihudumu kijijini kwa uaminifu," niliinua macho nikamwona Jeptoo. Alikuwa amekuja na jembe lile lile alilochimbia kaburi, amelisugua likang'aa. Nikashindwa. Nikausema mstari wa Wairimu kana kwamba umeandikwa pale. Nina miaka sitini na miwili, na nilikuwa sijawahi kusoma neno ambalo halipo.

Jeptoo alinishika mkono. "Huyo msichana wako amechukua moyo wa mjomba wake," akasema. "Hakuwaogopa."

Nikamwambia, "Ndiyo."

Tangu siku ile, kila asubuhi ananiuliza habari zako kwenye ua, na kila asubuhi namdanganya. Aliomba karatasi aiweke ukutani. Nikamwambia imelowa.

Kibali umekipata, basi kaa huko. Wasifu wangu usiuandike. Nimempa kazi hiyo Jeptoo. Mwandiko wake ni mbaya na hajui pa kuweka nukta, lakini atauandika wote.

Margaret