"Pole Yako" baada ya tanzia

Kadzo shoga yangu, yule Bi Mwidani wetu wa redioni leo kaishiwa nguvu. Hata kulia hakulia.

Adhuhuri alisoma tanzia ya Luqman. Ndiyo, Luqman yuleyule, mumewe wa zamani, aliyemwacha akamuoa Rahima wa Bofu. Akaisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Akazima maikrofoni, akangoja kasida kama desturi.

Ikapigwa taarabu. "Pole Yako, Bibi." Ule wimbo wa kusutana, Kadzo. Maiti hata hajaoshwa.

Tangu mwezi jana nyimbo zachaguliwa na kompyuta. Fundi aliyeipanga katoka bara, akaiagiza kwamba baada ya tanzia itafute wimbo wenye neno "pole." Basi ikatafuta, ikapata.

Bi Mwidani alibonyeza kila kitufe, wimbo haukukatika. Nduguye marehemu akapiga simu. "Mwidani, hata leo?"

"Wallahi ni kompyuta."

Yule akakata simu.

Meneja akamwambia wimbo ukiisha awaeleze wasikilizaji. Ukaisha. Kabla hajafungua kinywa, kompyuta ikaweka sauti ya Mwidani mwenyewe, ile aliyorekodi miaka hiyo: "Wimbo huu nimewachagulia mimi, Mwidani wenu."

Mimi, Mwidani wenu. Likoni nzima yasikia.

Hakueleza tena. Sasa avaa buibui aende msibani, maana asipokwenda ndiyo amekiri. Ameniuliza taratibu, akifika mbele ya Rahima atamwambiaje, na neno la msibani ni lile lile la wimboni.