Hadithi ya Georgette kwa Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Nimeshona sare za kwaya, ya Georgette ikiwemo, mpaka mgongo unauma. Bega moja limevutika, nimelifumua. Halafu mtaa wa Observatory, kwa Georgette. Dada yangu mdogo amekonda sana, kifua hakimwachi. Amenisimulia sehemu mpya ya hadithi, nami nimeishika kichwani kama kila wiki. Haandiki. Toka Bukavu, tukiwa watoto, tunatunga kwa mdomo. Sehemu hii, msichana anashuka kisimani, kaka yake ameshika kamba juu. Nimerudi nyumbani Berea, nimeirekodi kwa simu, nimeituma kwenye grupu la kanisa. Wameandika, "Papa Justin, wewe mwandishi kweli!"
Nimejibu asante.

Jumatano, 5 Juni
Binti yangu Neema anasoma kitabu cha shule cha mwanamke Mwingereza wa zamani. Ananieleza. Yeye na ndugu zake wote walitunga, nyumbani kwa baba yao mchungaji. Dada walipotoa vitabu walitia majina ya kiume, juu watu wasingewaheshimu. Kaka ndiye aliyetegemewa kuwa mtu mkubwa. Akaishia kwenye pombe.
Kiswahili cha Neema kinakwama, lakini aliuliza vizuri. "Papa, huyo kaka alijua ni wao wanaandika?"
Nimetoka kununua mkate kwenye kiduka cha spaza. Mkate ulikuwepo nyumbani.

Alhamisi, 6 Juni
Niseme wazi, hapa hakuna wa kunipigia makofi.
Jina langu kwenye hadithi lilikuwa wazo la Georgette. Mume alimwacha, na kina mama wa kanisa walisema mwanamke aliyeachwa hana cha kuwafundisha. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "tia jina lako. Sauti yako wanaipenda." Hilo si kosa.
Kosa ni Pasaka, kwenye chai baada ya ibada. Watu walikuwa wananisifu. Georgette akaanza, "Ile hadithi, kwa kweli, mimi na yaya..." Nikamkata. "Huyu ananipikia chai tu nikiwa natunga!" Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Akachukua chupa ya chai, akaanza kuwamiminia.
Sijamwomba msamaha. Mwanzoni niliona haya. Halafu nikazoea.

Jumapili, 9 Juni
Nilienda kanisani ili niseme ukweli. Mchungaji akaniita mbele, akanisifu, akaniomba niwafundishe vijana kutunga. Makofi. Nikashuka.
Mwoga mimi.
Georgette amepiga simu. "Walipenda kisima?"
"Sana."
"Hata Mama Bahati?"
"Alilia, yule."
"Na anavyojifanya mgumu!" Amecheka, kikohozi kikamkamata, simu ikakatika. Nilikuwa na neno mdomoni. Sikumpigia tena.

Jumatano, 12 Juni
Georgette amekufa. Nilikuwa kwenye teksi, tumesimama kwenye robot, taa nyekundu, hospitali alikolazwa usiku ikapiga simu. Dereva alinishusha palepale. Nilitembea tu. Sijui nilipita wapi.

Jumamosi, 15 Juni
Tumemzika.
Nimesimama mbele ya wote. Nimesema hadithi ilikuwa yake, yote, mimi nilikuwa mdomo tu. Nimesema Pasaka nilidanganya.
Mama Bahati amenishika mkono. "Pole, papa. Ni uchungu. Unataka kumpa kila kitu ulicho nacho." Wengine wakasema nina moyo mnyenyekevu.
Eish. Nimekiri, wakanisifu zaidi. Nilitaka kupiga kelele. Nikala wali wa msiba kama wengine.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Grupu linauliza, kwa upole. Papa Justin, ukipata nguvu, utuambie. Kaka atamvuta yule msichana?
Nimejaribu. Nimekaa kwenye cherehani, mahali palepale nilipokuwa nikishona yeye akisimulia, kabla hajaugua. Nimefumba macho. Hakuna kitu. Hata sauti ya maji sikuisikia. Najidharau.

Jumatatu, 17 Juni
Baridi leo. Neema ametoka na koti langu.
Nimerekodi, fupi. "Ni Justin. Sijui kama kaka alimvuta. Aliyejua ni Georgette. Sina mwisho, sikuwahi kuwa nao."
Halafu Mama Bahati ameandika neno moja. "Kumbe."
Hakuna aliyeniambia pole.
Sasa wanajua. Georgette hakuishi kuwasikia.
Sare za kwaya zimeisha. Ya Georgette alikuwa ameshaijaribu. Nimeikunja, nimeiweka juu ya nyingine.