Jiwe Halitembei

Jumatatu, 10 Agosti 1981
Chai bila sukari tena. Mashine ya kupimia nimeisimika juu ya jiwe la upimaji, alama ya serikali ya kuanzia vipimo, hapa kijijini njia ya Misima, inasikiliza setilaiti zikipita. Wazee wamekaa mbali wananitazama kama mganga. Wanataka kujua jambo moja tu: kisima ni chao au cha shamba la mkonge? Meneja wa shamba alipima mpaka kuanzia jiwe hili, kisima kikaangukia kwake. Nimetumwa kuhakiki.

Jumanne, 11 Agosti
Majibu mabaya. Kwa mashine, jiwe haliko mahali ramani inaposema lipo. Tofauti ni kama upana wa uwanja wa mpira. Aibu. Na nilivyoisifia mashine hii mbele ya watu!

Jumatano, 12 Agosti
Leo kazi kama ya kuchambua mchele. Nimeitoa setilaiti moja kwenye hesabu, nikaipiga upya. Nikairudisha, nikatoa nyingine. Kama mojawapo ni mbovu, ikitoka jibu litabadilika. Halibadiliki. Nimempigia simu mkuu wangu Korogwe. "Jiwe halitembei," akasema. "Mashine imeharibika. Andika kisima ni cha shamba." Sijaandika. Nina hasira; kesho nitaipima mashine yenyewe.

Alhamisi, 13 Agosti
Nimeipeleka mashine Segera, kwenye jiwe jingine la upimaji. Imekubaliana na ramani barabara. Basi mashine ni nzima, mgonjwa ni lile jiwe la kijijini. Nimecheka peke yangu njiani, wauza machungwa wakanishangaa.

Ijumaa, 14 Agosti
Baada ya sala nimemwamkia Bi Mwajuma, balozi wa nyumba kumi, nikamuuliza kama jiwe limewahi kuguswa. Wala hakusita.
"Tulilihamisha wenyewe, mwanangu. Mwaka ule wa kuhamia kijiji cha ujamaa, nyumba zilipopangwa mistari, lilikuwa katikati ya njia ya trekta. Mali ya serikali, utaivunjaje? Tukalisogeza pembeni taratibu, hadi nje ya safu za nyumba, tukalisomea na dua."
Amesema kwa fahari. Sikuwa na moyo wa kumkemea. Tumechimba pale alipoonyesha, na kitako cha saruji kilichoshika jiwe zamani kipo chini, kizima. Nimevuta utepe kutoka kitako hadi jiwe. Tofauti ileile ya mashine!
Nimepima mpaka upya kuanzia kwenye kitako. Kisima ni cha kijiji. Alhamdulillahi. Bi Mwajuma ameketi chini palepale, kajifunika uso kwa khanga. Kumbe kisima kile alikichimba marehemu mumewe. Mimi nimejifanya nakunja utepe.

Jumamosi, 15 Agosti
Mkuu amenung'unika kwenye simu, kisha amekubali. Meneja pia, baada ya kukiona kitako kwa macho yake. Jiwe tumelirudisha mahali pake, katikati ya njia. Dua imesomwa tena, ya kulirudisha. Trekta litazunguka.

Jumapili, 16 Agosti
Nafunga mizigo. Nimelala vizuri. Nimekunywa maji ya kisima, yana chumvi kidogo. Wanawake wanateka, wanagombania zamu, wanacheka. Hakuna anayenitazama.