Uji wa Bi Zaina

Shangazi, shikamoo. Huku Gare ukungu haujaondoka tangu juzi. Nimefikia kwa Mama Agnesi, mjane anayelima mboga. Jumapili tulikuwa tumeshavaa kwenda misa, tukasikia jirani yake, Bi Zaina, akiita. Kiharusi kimemlaza, na binti yake alikuwa ameshuka Lushoto kufuata dawa. Msimu uliopita yeye na Mama Agnesi waligombania mfereji wa maji. Bi Zaina akauziba, na kabichi za Mama Agnesi zikanyauka zote.

Nikasema tumwite mtu mwingine, tunachelewa. Mama Agnesi alishaingia. Alijifunga khanga juu ya gauni la kanisani, akamwosha mgonjwa, akambadilishia shuka, akaanza kumlisha uji. Kengele ikalia. Bi Zaina naye machozi yakamtoka.

“Mama Agnesi, si mimi niliyekuzibia maji?”

“Ni wewe. Haya, fungua kinywa, uji unapoa.”

Misa ikatupita. Nikachukua zile shuka nikaenda kuzifua.

Nakuombea goti lako lipate nafuu, Shangazi. Nimekukumbuka sana.

Mwanao, Tumaini