Sindano Kwenye Kifundo cha Mkono

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimechambua mapeasi tangu asubuhi. Mazuri ya sokoni, yaliyobonyea ya nguruwe. Ukungu mpaka saa nne. Moyo unadunda tena. Si ugonjwa. Ni ile karatasi.

Foibe alifika juzi, likizo ya siku kumi. Mwanangu muuguzi. Kijiji hiki kizima hakina msichana mwingine mwenye sare nyeupe, nasema bila haya. Hospitali anayofanyia kazi ina madaktari wa Kichina, wanatibu kwa sindano zisizo na dawa ndani. Nyembamba kama unywele. Wamemwona ana mkono mzuri. Wanataka aende kwao China akasomee kazi hiyo, miaka miwili. Karatasi inataka sahihi ya mzazi. Jumanne ya wiki ijayo anarudi nayo kazini.

Baba yake yuko Shume kwenye msitu wa serikali, huja Jumamosi tu. Juzi aliisoma akanirudishia. Akasema tia wewe, wewe ndiye uliyemsomesha kwa mapeasi. Kweli tupu. Nimeiweka humu daftarini. Sijatia.

Jumanne, 5 Machi
Zamu ya shamba la kijiji. Palizi ya maharage. Nimewaambia wote. China. Kwa ndege. Mama Singano jirani yangu aliacha jembe akasimama. Kila mtu alikuwa na swali, na mimi nilikuwa na jibu hata pale nilipokuwa sina.

Balozi wa nyumba kumi akauliza hizo sindano zinatibu nini. Nikaonyesha kwenye mkono wangu. Kifundoni, pale kwenye mkunjo, upande wa kidole kidogo, kuna kishimo. Foibe alinionyesha jana tukiosha vyombo. Ukichomwa hapo moyo unatulia, wasiwasi unashuka, usingizi unakuja. Wachina wana jina lake, siwezi kulitamka. Mama Singano akauliza kama inauma. Nikamjibu mimi nimechomwa mara tatu na sikusikia kitu.

Sijachomwa hata mara moja. Foibe alipofungua kikopo cha sindano nilisema nakwenda kuangalia kuni. Naziogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Alhamisi, 7 Machi
Soko, Lushoto. Madebe mawili ya mapeasi yamekwisha kabla ya saa sita, maana nilikuwa nauza huku nasimulia. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima, ambaye mimi humsaidia kufundisha wale wanaoshindwa herufi kwa kuwa nilifika darasa la nne, amenisifu mbele ya watu. Akasema nchi inataka akina mama wa namna hii. Nilifurahi mno.

Kupanda kurudi nilikuwa peke yangu. Miaka miwili. Akiumwa huko nani anamjua? Wanakula nini? Nani atampikia bada, ugali wetu wa muhogo? Soko zima limenipa hongera. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka aende.

Ijumaa, 8 Machi
Mama Singano kaja. Kijana wake alikwenda kufanya kazi kwenye reli mpya huko kusini mwaka jana, barua hakuna. Tangu hapo hapati usingizi, macho mekundu kama ya mpika pombe. Alikaa kwenye kigoda, akakunja mkono wa gauni, akamnyooshea Foibe mkono.

"Mwanangu, nichome kama ulivyomchoma mama yako."

Foibe akaniangalia. Mimi nikakoroga chungu. Hakuniaibisha mbele ya mgeni, nimemlea vizuri. Alimwambia kwa adabu kwamba nyumbani hachomi mtu, Jumatatu ataomba ruhusa kwa Bwana Mganga wa zahanati.

Mgeni alipotoka akaniuliza nilisema nimechomwa mara ngapi. Tatu, nikasema. Hakucheka. Alisema hana ruhusa kuchoma watu majumbani. Maneno hayo yakifika kwa wakubwa zake, safari imekufa.

Kumbe.

Kuna jambo baya nataka kuliandika. Aliposema safari imekufa, nilifurahi kidogo.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani wametuombea. Watu wananipa mkono kama nimejifungua leo. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nyumbani sikaliki. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimemfokea jogoo. Nimemfokea Baba Foibe kwa sababu ya matope kwenye viatu, na mvua ilinyesha, angefanyaje. Kabla ya kurudi Shume aliomba kuiona karatasi. Aliiona haina kitu. Akanirudishia, akachukua panga lake akaondoka. Hilo linaniuma kuliko kama angegomba.

Foibe naye ameuliza. Nimemwambia iko mahali salama. Iko kweli. Nimeikalia.

Jumatatu, 11 Machi
Nitaandika yote.

Zahanati ilikuwa imejaa akina mama na watoto. Bwana Mganga ameziona sindano, amesoma barua ya Foibe ya hospitali, akakubali, mradi afanye mbele yake. Kisha akauliza, habari hizi za kuchoma watu nyumbani ni za kweli? Kumbe zilishamfikia. Foibe akainamia kikopo chake cha sindano.

Nikasimama. Nikasema Bwana Mganga, nilidanganya. Huyu hajanichoma, wala hatanichoma, maana nikiiona sindano nakimbia. Benchi zima likacheka. Mama Singano ndiye aliyecheka kupita wote.

"Mama Foibe, mara zote tatu?"

Halafu akakataa kuchomwa mpaka nitangulie mimi. Wote wakaitikia haki. Sikuwa na pa kukimbilia.

Foibe alizichemsha. Akanikalisha mezani, mkono wa kushoto, kiganja juu. Akabonyeza kwa kidole gumba mpaka akakipata kile kishimo. Nikafumba macho. Kama siafu mdogo. Halafu uzito, kama mtu amenishika mkono. Akasema nisiusogeze, dakika ishirini. Bwana Mganga alihakikisha, akaenda mlangoni kupima uzito wa watoto.

Tukabaki wawili na meza. Mimi ninayekimbilia kuni kila pakiwa na neno gumu, leo nimepigiliwa.

Foibe akakaa kwenye boksi la dawa. Akasema polepole, bila kuniangalia.

"Mama, umetangaza kila mahali. Mimi hujaniuliza."

Nilitaka kuinuka. Mkono ukanikataza. Nikakaa na neno hilo. Lilikuwa neno langu mwenyewe, lile la njiani Alhamisi. Mimi nililia kwamba hakuna aliyeniuliza, na wangu mwenyewe sikumuuliza. Ikabidi niulize. Nikamuuliza, unataka kwenda?

Akaitazama ile sindano mkononi mwangu.

"Nataka. Lakini naogopa sana. Usimwambie mtu."

Mwanangu haogopi kitu, ndivyo ninavyowaambia watu miaka yote. Alipokuwa mdogo alivuka mto uliofurika kwenda shule, nimesimulia hadithi hiyo mara mia. Leo naijua nusu iliyobaki. Alivuka huku anaogopa, akijua mama yake ameshawaambia watu haogopi.

Nikamwambia na mimi naogopa. Ndiyo maana karatasi sijaitia sahihi. Iko kwenye kikapu, ndani ya daftari, natembea nayo. Akaitoa, akaniwekea mbele, akanipa kalamu. Nimetia sahihi kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado una sindano. Herufi zimesimama vizuri. Moyo ulikuwa umetulia. Kama ni sindano au si sindano, sijui mimi.

Mama Singano alichomwa baada yangu. Amekoroma kwenye benchi mpaka saa saba.

Jumanne, 12 Machi
Basi la Mombo, asubuhi. Nimemfungia mahindi ya kuchemsha na mapeasi sita. Hakulia. Nami sikulia mpaka lilipopinda kona.

Alhamisi, 21 Machi
Soko. Ukungu, watu wachache. Wameuliza habari za China. Nimesema atakwenda mwezi wa sita, basi. Mama Singano, aliyekaa na mboga zake pembeni yangu, akauliza, mtoto wa kike peke yake, haogopi?

Jibu lilikuwa mdomoni, lile la mto. Nikalimeza. Nikasema akija muulize mwenyewe.

Akanitazama kama naumwa. Kisha akanipa figili moja, ya bure.

Nilikaa nimeweka kidole gumba pale kifundoni, kwenye kishimo. Nabonyeza, naachia. Foibe alisema hata bila sindano inasaidia kidogo.

Leo nimeuza bila kusimulia. Mapeasi nusu debe yamebaki.