Nilimkataza Mtoto Kimanga

Kwa Nyanya Wakio wa redio, shikamoo. Nimekusikiliza tangu nikiwa shule ya msingi na sikudhani siku moja mimi ndiye nitakuwa wa kukuandikia, lakini nimekwama, nisaidie.

Ninasomea digrii ya lishe, niko mwaka wa tatu, na kwetu Miasenyi kaka yangu Musyimi amekuwa akinicheka tangu mwanzo mbele ya wateja wa mama, "Huyu tumempeleka chuo kikuu akasomee kupika, akirudi atatufundisha kutafuna," kwa hivyo nilipopelekwa mafunzo ya nyanjani kwenye zahanati moja ndogo upande wa Kishushe nilienda na hamu ya kuonyesha watu kwamba najua, na siku ya kupima watoto akaja mama mmoja, nimwite Mama Austin, mtoto wake ana mwaka na miezi miwili, uzito uko chini kidogo lakini unapanda, nikamuuliza anamlisha nini, akafungua kibakuli akanionyesha kimanga, chakula cha Kitaita, na mimi Mkamba niliyelelewa kwa muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa nikaona tu muhogo uliopondwa, nikamwambia huo ni wanga mtupu, achana nao, nikampa karatasi yenye maziwa, mayai, samaki na maini, nikamuuliza umeelewa, akasema, "Ndiyo, daktari," na hata sikumwambia kwamba mimi si daktari.

Mwezi uliofuata mtoto alikuwa amepungua karibu kilo nzima, mstari kwenye kitabu cha kliniki umeanguka, na muuguzi mkuu akamkaripia yule mama mbele ya foleni yote, "Wewe, mtoto unamlisha upepo?" naye akainamisha kichwa, hakunitaja, ila alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni aliniambia polepole kwamba kimanga chake huwa na kunde, huziponda mpaka zisionekane ili zisimkabe mtoto, na tangu nimkataze amekuwa akimpa uji wa mahindi tu kwa sababu vile vya kwenye karatasi kwao havipatikani, na mimi, Nyanya, nilinyamaza, sikumwambia muuguzi kosa ni langu, mtoto akapewa pakiti za lishe za kumrudishia uzito, na kesho yake nikadanganya kuwa naumwa nikatoroka hadi nyumbani. Leo ni siku ya tano. Nataka kuacha hii kozi nimsaidie mama kuuza vitunguu kando ya barabara, kwa maana mtu wa lishe anayewakondesha watoto ni wa nini? Niache?

Mwelu, Miasenyi

*

Mwelu, marahaba. Susan wa hapa redioni amenisomea barua yako mara mbili, maana mimi darasa sikuliona hata kupitia dirishani. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikakuhurumia. Sasa nina vyote viwili, keti.

Kumkataza mtoto kimanga lilikuwa kosa la kutojua, na asiyejua hufundishwa. Lakini kusimama pale mwenzako akikaripiwa kwa kosa lako, wewe umeshika kalamu umenyamaza, huko si kutojua. Huo ni woga, na ndio unaokutafuna hapo Miasenyi, si digrii.

Mimi nimekaa kwenye hilo benchi la kliniki. Nicholas wangu akiwa mdogo, sista mmoja mwenye viatu vyeupe alinieleza mambo mengi kisha akaniuliza, "Umeelewa?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeelewa hata nusu! Asiyesoma akiulizwa hivyo na aliyesoma hujibu ndiyo ili aende zake. Hilo swali lako litupe. Uliza, "Mama, leo umepika nini, umeweka nini ndani, na kwenu saa hii kuna nini na hakuna nini?" Halafu funga mdomo mpaka amalize.

Na ukionyeshwa kibakuli, onja! Miaka mitatu unasomea chakula, kinaletwa mbele yako unakitazama kama picha ya ukutani? Kijiko kimoja kingekuambia.

Kuacha chuo? Hapana. Nimesema hapana. Ulichojifunza umejifunzia kwenye mwili wa mtoto wa watu, huna ruhusa ya kwenda kukifukia chini ya gunia la vitunguu. Ukiondoka, atatumwa mwingine na karatasi ile ile ya maini. Huyo Musyimi naye, mwambie Nyanya amesema leo apike yeye, wala asiunguze.

Sasa sikia. Kesho shuka Voi, kama una jamaa Kaloleni pale mjini lala kwake, kwa sababu magari ya Kishushe ni ya kuhesabu na yakikuacha yamekuacha. Usianzie zahanati. Anzia nyumbani kwa Mama Austin, bila koti jeupe, bila karatasi, na usiende mikono mitupu, beba kunde na njugu. Mwambie, "Nilikosea, halafu nikakuacha ukaripiwe kwa kosa langu." Ishie hapo. Ukianza kulia na kujieleza, utamfanya yeye akubembeleze wewe, na ana kazi za kutosha. Zile pakiti mtoto aendelee nazo vile muuguzi alivyosema, na umuulize muuguzi lini kimanga kirudi na kiasi gani. Usikisie tena.

Muuguzi mwambie ukweli wote siku hiyo hiyo. Na siku ya kliniki useme mbele ya foleni, kwa sauti. Mama yule aliaibishwa mbele ya watu, basi asafishwe mbele ya watu. Kisha uandike kwenye ripoti yako jinsi ilivyokuwa, usipake sukari. Chuo kikikurudisha mwaka, rudia mwaka. Hautakuua, na watoto wa Kishushe watapata mtu anayeuliza kabla ya kukataza.

Mama Austin anaweza kukufukuza. Ana haki. Akikufukuza keti nje ya boma, usibishane. Huko jua ni kali, na sisi watu wa huku hata tukikuchukia hatuwezi kukutazama una kiu. Atakuletea maji. Pokea kwa mikono miwili, unywe yote, kisha omba umpakate mtoto.